Mkebe wa Laini za Lukole

Watu wa Ntobeye wakitaka kuniudhi huniuliza hisa leo ni shilingi ngapi. Wananiuliza miaka yote hii na bado naudhika. Mimi ni Xavery, mwalimu mstaafu, nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Kalista, mama Derick, muuza vocha, aliyemaliza darasa la saba chini ya fimbo yangu mwenyewe bila kuambulia Kiingereza cha kuombea maji. Mwaka 2007 alielewa taarifa ya kampuni kubwa ya Dar es Salaam kuliko mabwana walioiandika, na kuliko mimi niliyeisoma mara tatu nikiwa na kamusi pembeni.

Kibanda cha Kalista kilikuwa kwenye soko la kambi ya Lukole, pale wenyeji Wahangaza na wakimbizi wa Kirundi walipokuwa wakiuziana mihogo, sabuni na nguo. Alipanga chumba karibu na kambi, akirudi kwake Ntobeye kila Jumamosi jioni ili Jumapili awahi misa. Mali yake yote ilikuwa betri ya gari, meza, vocha za kukwangua za kampuni tuliyoiita Upeo, na simu moja ya mkononi aliyoifunga mezani kwa kamba ya katani kama mbuzi wa sherehe.

Simu moja, lakini wateja mamia. Usishangae. Mkimbizi hakuwa na simu, alikuwa na laini. Aliinunua kwa Kalista, akaifunga kwenye kipande cha nailoni, akaificha kwenye pindo la kanga au ndani ya kofia. Siku waliyokubaliana na ndugu zake, tuseme Alhamisi saa nne, alikuja kibandani, akaitia laini yake kwenye simu ya Kalista, akaongea, kisha akaichomoa na kuondoka nayo. Nyuma yake alikuwa amesimama mwingine na laini yake mkononi. Kalista aliuza laini nyingi kiasi kwamba kampuni ilimletea fulana na cheti: Wakala Bora, Kanda ya Magharibi. Cheti alikitundika sebuleni, karibu na picha ya Bikira Maria.

Sasa niseme jambo lililokuwa shingoni mwake. Parokiani kulikuwa na Kikundi cha Mtakatifu Monika, akina mama ishirini na wawili, na haja yao ilikuwa moja tu: mashine ya kusaga. Mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, debe likiwa kichwani, kwenda na kurudi. Tecla aliteleza na debe lake wakati wa mvua akavunjika mkono, na unga wote ukaishia matopeni. Siku hiyo kikundi kiliapa kwamba mashine itakuja Ntobeye. Wakachanga miaka minne kwa kahawa, ndizi na vibarua. Mwenyekiti alikuwa Bi Priscila, mweka hazina Kalista. Mimi waliniomba niwe katibu kwa sababu ya kuandika barua, nikakubali kwa sababu napenda kuombwa.

Fedha haikufika bei ya mashine. Ndipo Upeo walipotangaza kuuza hisa kwa wananchi, na Kalista akasimama mbele ya wenzake.

"Kampuni hii naiona kwa macho yangu inavyouza," alisema. "Tuiweke hela huko ikue, kisha tununue mashine. Ikipotea, mnidai mimi."

Waliinunua kwa neno lake. Hisa elfu kumi na mbili, kwa shilingi mia tatu kila moja. Neno lile "mnidai mimi" ndilo lililomnyima usingizi baadaye, maana huku kwetu mtu akisema hivyo mbele ya akina mama wa parokia, hata wajukuu zake watakumbushwa.

Mwezi wa nane mwaka 2007 ikatoka taarifa ya nusu mwaka. Gazeti lilitufikia likiwa na umri wa siku nne. Niliisoma barazani kwangu, Bi Priscila na Kalista wakiwa wameketi kwenye mkeka, na sitaki kudanganya, nilijisikia mtu mkubwa.

"Wateja wameongezeka laki tatu," nikawaambia. "Kanda yetu ya magharibi imeongoza nchi nzima. Mapato ya simu zinazopigwa nje ya nchi yamepanda mara mbili. Bei ya hisa imefika mia nne na kumi."

"Kwa faida ipi hiyo, Mwarimu?" akauliza Bi Priscila.

"Faida bado ndogo."

"Ndogo, halafu bei imepanda?"

Hapo ndipo nilipovaa koti langu la ualimu. Niliwaeleza kwamba kiwanda cha sabuni utakipima kwa faida ya mwaka huu, lakini kampuni ya simu haipimwi hivyo. Mnara ukishajengwa umejengwa, mteja wa elfu moja hauongezei gharama kubwa kuliko mteja wa mia. Kwa hiyo wenye fedha wanahesabu vichwa vya wateja, wanakadiria kila kichwa kitaleta kiasi gani miaka ijayo, na wanalipa leo kwa ajili ya kesho. Mtaalamu wa gazeti aliandika kwamba bei itafika mia sita kabla ya Pasaka. Bi Priscila alipiga makofi. Kalista alikuwa akitazama miguu yake.

Wiki tatu baadaye alikuja peke yake, mchana wa jua kali, akiwa na mkebe wa maziwa ya unga kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Derick. Umekuja kuuliza utajiri?"

Aliufungua mkebe akaumwaga mezani pangu, juu ya gazeti. Zilikuwa laini. Mamia ya laini, nyingine bado zimefungwa kwenye nailoni, nyingine zimeandikwa majina kwa kalamu: Minani, Ishimwe, Niyomugabo. Zilisambaa hadi sakafuni.

"Hawa ndio wateja waliomo kwenye karatasi yako," akasema.

"Umeziokota wapi?"

"Sikuokota. Wananiachia. Malori yanawapeleka mpakani Kobero, wanavuka kwao. Laini ya huku kule haishiki, basi mtu anapita kibandani ananipa, ananiaga kwa Kirundi, n'agasaga, mama. Jana amepita Minani. Miaka saba nimemuuzia vocha. Amenipa na kijiti cha kusafishia betri."

Nikamwambia kwa upole wa mwalimu, ule upole unaokera, kwamba kuondoka kwa watu mia tatu si kitu mbele ya laki tatu. Na kwamba mauzo yake mwenyewe yalikuwa yamepanda, au sivyo?

"Yamepanda sana. Mwezi wa sita na wa saba sijawahi kuuza vile."

"Basi!"

"Basi nini, mwalimu? Unajua walikuwa wanaongea nini? Mimi nakaa pale mezani, nasikia. Wanapiga simu Burundi kuuliza shamba letu analima nani. Kisima bado kipo? Mjomba yupo hai? Nikija nitalala wapi? Mtu anayekaa hapigi simu za namna hiyo. Ni mtu anayeaga, na mtu anayeaga anamaliza vocha tano kwa siku. Nyinyi mmeona vocha, mkasema biashara inakua."

Nilikasirika. Mwanafunzi wangu aliyekuwa hawezi kugawanya kwa tarakimu mbili alikuwa akinikosoa kusoma.

"Serikali imesema itafunga kambi tangu lini?" nikamuuliza. "Miaka mingapi? Na huko Dar unadhani hawajui? Kuna watu wamesomea mambo haya Ulaya!"

Aliligeuza tu lile gazeti, akazisukuma laini pembeni. Ukurasa wa tano kulikuwa na habari fupi kwamba misafara ya wakimbizi kurudi Burundi inaendelea vizuri. Ukurasa wa kumi na tisa ndipo ilipokuwa sifa ya Upeo na kanda ya magharibi. Aliweka kidole gumba kwenye ule wa tano na kidole cha shahada kwenye ule wa kumi na tisa, akanitazama.

"Msimamizi wetu wa mauzo aliniambia," akasema, "laini isipotumika siku tisini, kampuni inaifuta kwenye hesabu ya wateja. Misafara mikubwa imeanza mwezi wa nne. Taarifa ijayo inatoka mwisho wa mwezi wa kumi. Hapo zitakuwa zimefutwa nyingi, za hapa, na za kambi za Kibondo na Kasulu. Mwalimu, tuuze kabla."

Nilimwambia suala kama hilo ni la kikundi. Nilijua kikundi kitanisikiliza mimi.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la katekisimu, akina mama wote ishirini na wawili wakiwa wamebanana kwenye madawati. Nilisema kwanza. Niliandika ubaoni mia tatu, nikaandika mia nne na kumi, nikaandika mia sita, nikachora mstari unaopanda. Nikawaambia atakayeuza leo anawapa watu wa Dar mashine yake na trekta juu. Walicheka, walipiga vigelegele, na mmoja alisema Kalista ameshiba vocha anataka kutuharibia.

Kalista alisimama. Nilitegemea amwage tena mkebe wake. Hakuwa nao.

"Nina swali moja tu," alisema. "Nyinyi mmepanda maharage?"

Wakaguna. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nani asiyepanda?

"Nimezunguka Lukole yote juzi, kuanzia sokoni hadi kule bondeni wanakolima bustani. Hawakupanda. Mwaka jana walikuwa wanagombania mpaka vipande vya mita tatu. Mwaka huu hakuna aliyegusa jembe, na milango ya nyumba wanaiuza. Nilinunua mmoja, mbao nzuri, kwa bei ya kuku."

Bi Priscila alivua kanga ya kichwa akaifunga upya, kama afanyavyo akiwaza.

"Mwanamke asiyepanda maharage mwezi wa tisa," akasema polepole, "hana mpango wa kula hapa mwezi wa kumi na mbiri."

Mstari wangu ubaoni ukawa chaki tu. Waliinua mikono: kumi na sita wakataka kuuza, sita wakataka kungoja. Kalista alikaa akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia kwa furaha, kumbe alikuwa anaogopa. Sasa kama yeye ndiye amekosea, mashine imepotea kwa mkono wake mwenyewe.

Kuuza kulitaka fomu ya dalali, sahihi tatu, na hati halisi ya hisa, vyote vifike Dar kwa kijana wa ofisi ya dalali aliyeitwa Wiston, ambaye tulimjua kwa simu tu. Bi Priscila alitia sahihi siku hiyo hiyo. Kalista naye. Yangu mimi ilichukua siku kumi na moja. Kwanza nilisema fomu ina kosa. Halafu miwani ilipotea. Halafu nilisafiri kwenda Biharamulo kumwona shemeji yangu ambaye hakuwa mgonjwa. Kila nilipomwona Kalista njiani nilikata kona. Siku ya kumi na moja niliamka nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu, amejitanda kanga, mkebe wa laini mapajani.

"Sitoki hapa, mwalimu."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka utie sahihi au taarifa itoke. Akina mama hawatakudai wewe. Watanidai mimi."

Mke wangu Restuta alimletea uji, akanitupia jicho ambalo wanaume waliooa wanalijua. Niliingia ndani kuandika. Na sasa nitasema nilichofanya humo ndani, maana nimeshakificha vya kutosha.

Nilitia sahihi fomu ya kikundi. Kisha nikatoa fomu nyingine, ya kununua, niliyoipata benki ya Ngara mjini siku ile niliyosema nimepoteza miwani. Niliijaza jina langu. Hisa elfu kumi na mbili, kwa bei isiyozidi mia nne na thelathini. Siku hiyo hiyo ya miwani nilikuwa nimeshalipa kiinua mgongo changu chote kwenye akaunti ya dalali, miaka thelathini na minne ya chaki, bila Restuta kujua. Sikuwa na shida ya fedha. Nilitaka siku ya Pasaka nisimame mbele ya akina mama wale, bei ikiwa mia sita, niwaambie: mlizitupa, nikaziokota. Nilizikunja fomu zote mbili pamoja na hati, nikazitia kwenye bahasha moja, nikailamba na kuifunga.

Kalista aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea komunyo.

"Mungu akubariki, mwalimu," akaniambia. Nikaitika amina.

Basi la Ngara lilikuwa limekufa gia siku ya tatu hiyo. Akapanda lori la ndizi hadi Nyakanazi, njia panda, mahali mabasi yote ya kwenda Dar yanaposimama kula. Bahasha aliivaa kifuani ndani ya blauzi. Alinisimulia baadaye kwamba njiani walisimamishwa kwenye vizuizi viwili, askari wakipekua wakimbizi waliotoroka, na mmoja alimtaka aonyeshe alichoficha. Aliitoa, askari akaishika juu kwenye jua akitaka kuona kama kuna hela, akamrudishia. Nyakanazi alizungukia mabasi manne kabla ya kumpata kondakta ambaye uso wake ulimridhisha. Aliandika namba ya basi kwenye kiganja kwa kalamu, na hakuosha mkono huo hadi Wiston alipopiga kusema amepokea.

"Na umeshaombea?" nilimdhihaki aliporudi.

"Nimesali rozari nzima Nyakanazi pale stendi," alijibu. "Lakini mwalimu, kuna kitu kinanisumbua. Atakayenunua. Ni mtu, au siyo? Ana watoto. Mimi namuuzia kitu ninachojua kimeoza ndani."

"Ni tajiri wa Dar. Hatalala njaa."

"Hata hivyo. Fumbo la mwisho la rozari nilimsalia yeye."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikaenda zangu.

Siku nane, hati ikihakikiwa, hakukuwa na habari. Wiston akipigiwa anasema soko limelala, kila mwenye hisa za Upeo amezikumbatia, na wanunuzi nao wanataka kidogo kidogo. Halafu akapiga: zimeuzwa zote kwa mpigo, kwa mia nne na ishirini na tano. Kalista alipiga magoti pale pale kibandani, kwenye majimaji ya betri. Mimi nilikuwapo, na habari yangu nilipewa kwa simu hiyo hiyo ya Kalista, alinipa niongee na Wiston kuhusu barua za kikundi, na yule kijana wa watu akaniambia kwa furaha, "Na ile ya kwako imekamilika, mzee." Nikamjibu asante, nikakata haraka. Kalista alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu akijipangusa magoti.

Kisha bei ikapanda. Mia nne na arobaini. Mia nne na sitini. Kwa majuma matatu niliishi vizuri kama padri. Kila gazeti lilipofika nililibeba hadi uwanja wa kanisa, nikalisoma kwa sauti. Wale sita waliopinga walianza kuhesabu kwa vidole tumepoteza hela ya vipuri vingapi vya mashine. Mmoja alikataa kukaa benchi moja na Kalista kwenye misa. Derick, mwanawe, alirudi shuleni akilia kwamba wenzake wanasema mama yake aliwauzia Wahindi mashine. Mashine yenyewe ilikuwa imeagizwa Mwanza, lakini fundi alitaka kuongezewa, na Bi Priscila akaanza kusema labda turudishe hela kule kwenye hisa kabla hazijafika mia sita. Kalista alikonda. Jumapili moja alinifuata nje ya kanisa.

"Mwalimu, niambie ukweli. Nimekosea?"

Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Ningeweza kumwambia sijui. Nilimwambia, "Nadhani umekosea, mama Derick." Na moyo wangu ulifurahi. Nalisema kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

Taarifa ilitoka tarehe thelathini mwezi wa kumi. Sikuisubiri gazetini, niliisikia redioni nikinyoa ndevu. Upeo imepoteza wateja laki mbili na nusu katika miezi mitatu. Kanda ya magharibi imeanguka kuliko zote. Simu za nje zimepungua kwa nusu. Mtaalamu yule yule aliyesema mia sita alihojiwa, akasema dalili zilikuwepo. Nilijikata shavu kwa wembe nikaacha damu ichuruzike.

Nilimpigia Wiston auze. Akasema mzee, wauzaji wako elfu, mnunuzi hakuna hata mmoja. Wiki ya kwanza bei ilikuwa mia mbili na themanini, na kwa bei hiyo hazikununuliwa. Kufikia Krismasi ilikuwa tisini, nazo bado ni zangu. Restuta alipata risiti ya benki kwenye mfuko wa koti langu alipokuwa anafua. Hakunipigia kelele. Alipika ugali, akanitengea, akaenda kukaa kwa dada yake siku tisa.

Mashine ilifika mwezi wa kwanza juu ya lori, imefungwa maturubai, na akina mama waliisindikiza kwa ngoma kutoka barabara kuu. Waliijengea kibanda, na mlango wa kibanda ulikuwa ule alioununua Kalista Lukole kwa bei ya kuku. Padri akainyunyizia maji. Injini iliponguruma Tecla aliinua mkono wake uliopinda, akacheza. Mimi nilikuwa kwenye foleni na debe langu la mahindi. Restuta alikuwa amenituma mwenyewe, nadhani kwa makusudi.

"Mwalimu," akaniita mmoja wa wale sita, sasa amegeuka rafiki wa Kalista wa kufa na kuzikana, "leo hisa shilingi ngapi?"

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, meno tu.

Bi Priscila akamwomba Kalista aseme neno. Alipanda juu ya tofali, amevaa ile fulana ya Wakala Bora chini ya kanga. Aliwashukuru, akataja Warundi waliomwachia laini, akamtaja Minani kwa jina. Halafu akasema:

"Nina deni moja la sala. Wiston aliniambia wiki ile tuliyouza soko lilikuwa limelala kabisa. Alikuwepo mnunuzi mmoja tu aliyetaka zote. Mmoja tu. Bila yeye hizi hisa tungekuwa nazo mpaka leo, na mashine hii isingekuwepo. Simjui. Namuombea kila siku, yeye na nyumba yake. Naomba leo sote tusimame tumuombee."

Wakasimama. Wakainamisha vichwa, injini ikinguruma nyuma yao. Sauti ya Kalista ikaanza: Baba yetu uliye mbinguni. Nilihimili hadi "utupe leo mkate wetu".

"Acheni kuniombea!" nilipiga kelele.

Waligeuka. Fundi akazima injini akidhani kuna mtu amenaswa na mkanda.

"Huyo mnunuzi yuko hapa," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya ualimu hata kidogo. "Ameshika debe. Ni mimi. Nilitaka niwacheke Pasaka. Nimenunua kwa kiinua mgongo chote, na hata Restuta sikumwambia. Mmefurahi? Endeleeni kusaga."

Kalista alishuka kwenye tofali. Nilimwona akiitafuta ile siku kichwani mwake, akiipata, mkono wake ukienda wenyewe kifuani, pale ilipokaa bahasha.

"Fomu yako ilikuwa humo humo," alisema.

"Humo humo."

"Nikaibeba mwenyewe mpaka Nyakanazi."

"Uliibeba vizuri."

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia? Pale mlangoni siku nzima nimekaa!"

"Kwa sababu ungenikataza."

"Ningekukataza," akasema, na machozi yakamtoka, "na tusingepata mashine." Alikaa chini kwenye gunia la mtu, akalia kwa sauti mbele ya kikundi chote, mwanamke ambaye hakulia walipomtukana. Nilitamani anitukane.

Bi Priscila ndiye aliyejua la kufanya. Alinijia, akalichukua debe mkononi mwangu bila kuniuliza, akampa Tecla, na Tecla akalipitisha juu ya vichwa vya foleni hadi mbele. Fundi akawasha injini. Unga wangu ulikuwa wa kwanza kusagwa Ntobeye. Nilipotoa hela Kalista alinyanyuka, akaufumba ule mkono wangu hela zikiwa ndani, akajitwisha debe la unga mwenyewe. Alitangulia hadi nyumbani kwangu, mimi nyuma mikono mitupu, akalitua mlangoni mbele ya Restuta.

"Shikamoo, mama. Unga wenu huu."

Hisa bado ninazo. Hati iko sandukuni pamoja na vyeti vyangu. Wahuni wa Ntobeye wanaendelea kuniuliza bei, watoto wao nao wamefundishwa kuuliza. Kalista tunaonana kila Jumamosi mashineni, na yeye hajaniuliza hata siku moja.